Choo kikae wapi? Siku tano katika nyumba za wakfu za Uingereza

Siku ya kwanza, Jumanne. Shoreditch, London

Nimetoka stesheni ya Hoxton asubuhi, futikamba mfukoni, daftari kwapani. Lango la Museum of the Home, makumbusho yaliyokuwa zamani nyumba za wazee maskini, liko ng'ambo ya njia tu, lakini sikuingia. Nimezunguka mpaka Kingsland Road ili nilione jengo kwa uso wake, kama walivyoliona wazee wa mwanzo waliohamia hapa miaka 300 iliyopita.

Niseme kwanza kilichonileta. Kwetu Mji Mkongwe, Unguja, kuna nyumba ya wakfu ninayoijua tangu utoto. Wanaishi mabibi sita, kila mmoja na chumba chake, wajane au wasio na mtoto wa kuwatazama. Choo ni kimoja, kiko uani. Bibi wa ghorofani akibanwa usiku hushuka ngazi 17 gizani, mkono mmoja ukutani na mwingine ukishika kanga. Mwaka huu mmoja wao aliteleza akavunjika nyonga. Wanaoitazama nyumba wakaniita, kwa kuwa kazi yangu ni kukarabati nyumba za zamani, wakaniambia: tuchoree vyoo vya ndani. Nimechora mara nne. Kila nikichora, vyoo vinakaa vizuri na chumba kimoja kinapotea.

Waingereza wana mila iliyo ndugu na wakfu wetu. Tajiri anaacha nyumba kwa ajili ya wazee maskini, anaifungia mashamba au pango la kuihudumia, anaweka wasimamizi, kisha anakufa na kuiacha iendelee. Baadhi ya nyumba hizo za sadaka zina umri wa miaka 500 na zaidi, na bado watu wanalala humo. Nimetaka kuona wenzetu waliingiza vipi mabomba bila kumtoa mtu.

Hii ya Shoreditch iliachwa na Sir Robert Geffrye, mfanyabiashara aliyewahi kuwa Meya wa London na aliyefariki mwaka 1704. Mali yake ilishikwa na chama cha wafanyabiashara wa chuma, Ironmongers' Company, nao wakamaliza ujenzi mwaka 1714: nyumba 14 za matofali zilizozunguka bustani pande tatu, na kanisa dogo katikati. Kila nyumba ina vyumba vinne, na kila chumba kilikuwa maskani kamili ya mtu. Wakaazi walifika kama 50. Hakuna nakshi nyingi. Mistari ya madirisha imenyooka, milango imefuatana, na yule aliyechora alijua kwamba mzee anahitaji kuutambua mlango wake kwa urahisi.

Juu ya mlango wa kanisa amesimama Geffrye mwenyewe, sanamu, na nywele zake za bandia. Hapo nimesimama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Sehemu ya utajiri wake ilitokana na biashara ya watumwa. Aliweka fedha katika Royal African Company na alikuwa na hisa katika meli iliyobeba watu. Mwaka 2020 wakaazi wa mtaa walipoulizwa maoni, wengi walitaka sanamu ishushwe. Haikushushwa. Mimi natoka katika mji ambao kanisa kuu la Anglikana limesimama palipokuwa na soko la watumwa, kwa hiyo jambo hili kwangu si habari ya magazetini. Kwetu tumefundishwa kwamba sadaka hutazamwa ilikotoka kabla ya kutazamwa inakokwenda. Wajane waliolala hapa hawakuwa na hatia, na kuta zao ni kuta nzuri. Vyote viwili nimeviandika katika daftari, ukurasa mmoja.

Ndani ndiko kwenye somo la ujenzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaa ulikuwa umesongamana, chama kikawahamishia wazee Mottingham, nje ya mji, na jengo likanunuliwa na baraza la London. Shoreditch palikuwa mtaa wa maseremala, basi mwaka 1914 likafunguliwa kuwa makumbusho ya samani. Ili wageni wapite moja kwa moja, viambaza vilivyotenganisha nyumba na nyumba vilitobolewa. Leo unatembea kutoka mwisho hadi mwisho kama unayetembea ndani ya treni. Ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2021 ulishuka chini zaidi: walichimba sakafu ya vyumba vya chini ya ardhi ili mtu asimame wima, wakapata ukumbi mzima mahali palipokuwa stoo na giza. Kwa fundi, kuchimba chini ya kuta za mwaka 1714 na kuziacha zimesimama ni kazi ya kuvua kofia.

Nyumba namba 14 haikutobolewa. Imerudishwa ilivyokuwa, chumba kimoja kama cha miaka ya 1780 na kingine kama cha miaka ya 1880. Kitanda, meza, kiti, kabati la ukutani, meko. Maisha yote ya mtu yako ndani ya mkono mmoja. Hakuna bomba. Maji yaliingia kwa ndoo na kutoka kwa ndoo.

Jengo limepona vizuri mno. Lakini jioni lango hufungwa na hakuna anayelala ndani. Hili si jibu ninaloweza kuwapelekea mabibi zangu.

Siku ya pili, Jumatano. Winchester

Treni kutoka Waterloo, kama saa moja. Kutoka mjini nimeshika njia ya miguu kandokando ya mto Itchen, malisho kulia na kushoto, maji meupe unayaona mpaka changarawe za chini. Mwisho wa njia ndipo Hospital of St Cross. Neno "hospital" hapa halina maana ya wagonjwa. Ni nyumba ya kupokea wageni na wazee.

Aliyeianzisha, katika miaka ya 1130, ni askofu Henry wa Blois, mjukuu wa William Mshindi. Agizo lake lilikuwa kuwaweka maskini 13 walioishiwa nguvu na kuwalisha wengine 100 langoni kila siku. Mwaka 1445 kadinali Henry Beaufort akaongeza kundi la pili, watu waliokuwa na hali wakafilisika. Mpaka leo wakaazi wanaitwa Ndugu. Wa askofu huvaa joho jeusi lenye msalaba wa fedha, na wa kadinali joho jekundu. Nimemwona mmoja wa joho jeusi akivuka uwanja na kikapu cha nyanya.

Langoni kuna desturi ambayo haijafa: mpita njia yeyote akiomba, hupewa kipande cha mkate na bia kidogo katika pembe. Nimeomba. Nimepokea mkate, bia nimeiacha kwa adabu, na mlinda mlango hakuona ajabu. Mkate wenyewe ni wa kawaida kabisa, na nimeula wote nikiwa nimesimama.

Upande wa magharibi wa uwanja kuna safu ya nyumba za Ndugu, za karne ya 15, na dohani ndefu zilizojipanga kama minara. Ngazi moja inahudumia nyumba nne, mbili chini na mbili juu. Na hapa moyo ulinipiga: tangu mwanzo kila mzee alipewa vyumba viwili *na choo chake*. Kijito kilielekezwa kipite chini ya jengo kikachukua uchafu. Hiyo ni karne ya 15, na mabibi wangu bado wanashuka ngazi. Walichofanya ni kuanza na maji. Waliona kijito kinakwenda wapi, ndipo wakaamua ukuta ukae wapi. Mimi nilianza na vyumba, kisha nikatafuta bomba la kupita, na ndiyo maana michoro yangu minne imekwama.

Kuna jambo jingine hapa ambalo mtu wa kwetu atalielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1808 usimamizi wa nyumba hii ulipewa Francis North, baadaye Earl of Guilford. Aliyemteua ni askofu wa Winchester, naye alikuwa baba yake mzazi. Kwa zaidi ya miaka 40 mapato ya mashamba yaliingia mfukoni mwake, wazee wakipata makombo. Kesi ikafika mahakamani London, na hukumu ya mwaka 1853 ikamkuta na deni. Mutawali aliyekula wakfu. Tunayo majina yetu ya kuweka mahali hapo, na sitayaweka. Ninachojua kama fundi ni kwamba mali ikiliwa, paa ndilo la kwanza kutoa habari. Vigae vinapukutika, mvua inaingia, boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, na ukija kuuliza unaambiwa nyumba ni ya zamani.

Wakati wa kurudi mjini nimepita ukuta wa mtu, wa matofali ya zamani, uliozibwa viungo kwa saruji. Saruji imebaki imesimama kama mbavu, na matofali katikati yamemenyeka uso mpaka kidole kinaingia hadi kifundo cha kwanza. Hili nalijua kama nijuavyo sauti ya mama. Ukuta wa zamani hunywa maji na kuyatoa. Chokaa huyaachia yapite, saruji huyafungia, basi maji yanatoka kwa kulivunja tofali. Kwetu jiwe la matumbawe linateseka vilevile, pamoja na chumvi juu yake. Nimebandua kipande kidogo kilichokuwa kinaning'inia, nikakisaga kwa vidole. Kilikuwa unga.

Siku ya tatu, Alhamisi. Chichester

Siku niliyoisafiria ni hii.

Nilikuwa nimeomba nafasi mapema, maana St Mary's Hospital ni makaazi ya watu na si mahali pa kuingia holela. Iko nyuma ya St Martin's Square, na kwa mbali hulioni jengo, unaona paa. Paa kubwa la vigae linaanza juu na kuteremka, linateremka, mpaka karibu mtu mrefu aguse ukingo wake kwa mkono. Katikati ya paa zimechomoza dohani za matofali, nene, zisizolingana nalo hata kidogo. Mtu asiyejua atadhani ni kosa la fundi. Dohani hizo ndizo hadithi nzima.

Jengo ni la mwisho wa karne ya 13, kama mwaka 1290. Lilikuwa ukumbi mmoja mrefu: nguzo za mwaloni kulia na kushoto, njia pana katikati, vitanda pembeni chini ya mteremko wa paa, na upande wa mashariki kanisa lililotengwa kwa wavu wa mbao zilizochongwa. Mgonjwa au mchovu alilala pale na kuisikia ibada bila kuinuka. Kila mtu aliona kila mtu. Hapakuwa na faragha wala moto wa karibu.

Miaka 400 ikapita hivyo. Kisha, karibu mwaka 1680, wakafanya jambo ambalo sijawahi kuliona popote: wakajenga vinyumba *ndani* ya ukumbi. Pembeni, palipokuwa na vitanda, wakasimamisha viambaza, wakaweka milango na madirisha yanayotazama njia ya katikati, na kila kinyumba kikapewa vyumba viwili na meko. Moshi wa meko ukapandishwa kwa dohani zile zinazotoboa paa.

Nimesimama katikati ya ukumbi. Juu yangu mbao za karne ya 13, nyeusi, kubwa, zimeshikana kwa vigingi. Kulia na kushoto mbele za nyumba, kama kichochoro cha Mji Mkongwe kilichoezekwa. Mama mmoja ameingia na mfuko wa sokoni, akanisalimu kwa kichwa, akafungua mlango wake kwa ufunguo, akafunga. Baada ya dakika chache nikasikia birika likianza kuimba nyuma ya kiambaza. Leo kila kinyumba kina jiko na bafu lake. Paa la mwaka 1290 na bomba la maji moto, na hakuna ugomvi kati yao.

Nimeruhusiwa kutazama kwa karibu mahali kiambaza kinapokutana na nguzo. Nimepiga magoti, nikawasha tochi ya simu. Nguzo ni pana kuliko kifua changu, na shoka la aliyeichonga bado linasomeka, alama fupi fupi zilizoinama upande mmoja. Kiambaza kimekuja kikasimama kando yake. Hakikuibebesha nguzo mzigo wala hakikuubeba wake. Paa linakaa juu ya nguzo kama lilivyokaa tangu mwanzo, na vinyumba vinakaa chini ya paa kama masanduku chini ya turubai. Siku yoyote wangeweza kuviondoa na ukumbi ukabaki ukumbi. Walipolazimika kukata, yaani penye dohani, walikata mara moja, kwa sababu ya moto wa wazee, wakaacha jeraha lionekane. Kwa karne tatu hakuna aliyelificha.

Nimekaa kwenye ubao mrefu wa kanisa nikachora kwa zaidi ya saa moja. Viti vya hapo vya karne ya 13 vina bawaba. Ukikiinua unakuta chini yake ubao mdogo uliochongwa, wa kumwegemeza mzee anayetakiwa kusimama katika sala ndefu. Anasimama, na huku amekaa. Aliyelibuni alikuwa na huruma na magoti ya wengine, na nimefurahi kukutana na kazi yake.

Tatizo langu nimeliona uchi. Michoro yangu yote minne ilikuwa inatoboa kuta. Ukuta wa matumbawe wa sentimita 60, nilikuwa nauchimba mifereji ya mabomba, nauziba kwa saruji, na chumba kinamezwa kizima ili bafu likae kati ya kuta nne za zamani. Kumbe bafu linaweza kuwa sanduku. Mbao na vigae, likasimama lenyewe juu ya sakafu iliyotiwa nguvu, mabomba yote katika mgongo mmoja unaopanda kutoka uani kilipo choo cha sasa, pasipo kuugusa ukuta.

Siku ya nne, Ijumaa

Treni, na tena treni. Nimeswali Ijumaa Reading. Jioni nimefika Wallingford na mvua. Hakuna la kuandika zaidi ya hapo, ila kwamba nimechora mchoro wa tano nikiwa njiani, na vyumba bado ni vitano.

Siku ya tano, Jumamosi. Ewelme

Kijiji chenye kijito na mabwawa ya mboga ya majini. Hapa mwaka 1437 Alice Chaucer, mjukuu wa mshairi Geoffrey Chaucer, na mumewe William de la Pole, Earl of Suffolk, walipata ruhusa ya mfalme kuanzisha nyumba ya wanaume maskini 13. Kanisa liko juu ya kilima, nyumba ya wazee imeegemea mteremko chini yake, na shule chini zaidi. Ngazi zinaunganisha kanisa na nyumba. Shule ile bado inafundisha watoto wa kijiji.

Nyumba ni ya mraba, imezunguka uwanja mdogo, mbao zimejazwa matofali wakati ambapo matofali katika sehemu hizi yalikuwa kitu kigeni. Baraza iliyofunikwa inazunguka uwanja wote, kila mlango unafungukia kivulini. Mzanzibari hapa hajisikii mgeni: ua katikati, milango pembeni, sauti ya jirani haikosekani. Mzee wa zamani alikuwa na chumba cha chini na cha kulala juu, basi.

Ila sasa nyumba si 13 tena. Katika karne ya 20, zilipoingizwa jiko na bafu la kisasa, 13 ziliungwa zikawa nane. Nimeihesabu milango, nikarudia. Milango ya zamani ipo mingi kuliko wakaaji. Kazi imefanywa kwa heshima, hakuna boriti iliyodhulumiwa, na wanaoishi humo wanaishi vizuri kuliko alivyowahi kuota Alice Chaucer. Sina la kuwalaumu. Vyumba vilikuwa vidogo mno. Lakini nimekaa kwenye baraza nikiitazama milango isiyofunguka, na kila mmoja nimeuona una mtu wake.

Kaburi la Alice liko kanisani, la alabasta nyeupe. Juu amelala na taji lake. Chini, nyuma ya kimiani cha mawe, amechongwa tena, maiti iliyokauka, mbavu nje. Nimemwombea, kwa namna yangu.

Usiku nimempigia simu bibi wa ghorofani. Nimemwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama nimekula na kama kuna baridi. Nikamweleza: bibi, mkiwa watano kila mtu atapata bafu lake. Mkibaki sita, itabidi wawili wawili watumie moja.

Akanyamaza. Nilisikia adhana ya simu yake ikilia katikati ya maneno yetu.

"Mwanangu," akasema, "huyo wa kutoka ni nani?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi na mwenzangu wa chumba cha pili tumekula sahani moja miaka kumi na moja. Leo utanambia bafu linatushinda? Tutie sisi wawili. Ila mlango ufungukie kwangu na kwake pia, nisimpitie chumbani usiku akashtuka. Na komeo liwe chini, mkono wangu haupandi."

Nimekaa mpaka saa saba za usiku. Mchoro wa sita una vyumba sita, masanduku matatu ya bafu, kila moja limekaa mpakani mwa vyumba viwili, milango miwili kila moja. Mgongo wa mabomba ni mmoja. Ukuta wa matumbawe umetobolewa mahali pamoja tu, karibu na ngazi, na utazibwa kwa chokaa. Komeo nimeliandika kwa wino mwekundu: sentimita 80 kutoka sakafuni, na kabla ya kulipigilia, apimwe bibi mwenyewe akiwa amesimama.